Pongezi kwa wasaka asili ya majina

Heko kwa watafiti wa Taasisi ya Meertens, Amsterdam! Walichukua majina ya ukoo ya sensa ya Uholanzi ya mwaka 1947, wakayahesabu manispaa baada ya manispaa, wakayaweka kando ya yale ya 2007, na leo ramani za majina hayo ziko wazi kwa yeyote. Ukitazama ya Dijkstra, rangi imekolea kaskazini, Friesland. Hiddink ni la mashariki, Achterhoek, ambako shamba ndilo lililompa mtu jina: mwanamume aliyeoa akahamia shambani kwa mkewe aliliacha lake akaitwa kwa jina la shamba. Kugundua hilo kwahitaji subira ya kusoma hati kuukuu.

Ng'ambo ya mpaka, Ubelgiji, kuna kamusi kubwa ya majina ya ukoo ya Frans Debrabandere ya mwaka 1993. Mimi hunivutia zaidi jina la mhunzi. Flanders Magharibi huandikwa Desmet, Flanders Mashariki De Smet, na ukielekea Limburg unakutana na Smets, yaani wa mhunzi. Nafasi moja tupu kati ya herufi, na wataalamu hawa hawakuipuuza.