Fundi Apandaye Kiangazi

Septemba mjini Mtwara hakuna anayeuliza habari za paa. Mvua zimekatika kitambo, vumbi limetanda, na maghala ya korosho yanafagiliwa kungoja mzigo wa msimu mpya. Huo ndio mwezi ambao fundi bati anayeijua kazi yake huegemeza ngazi ukutani. Minada ikishaanza Oktoba magunia yatapangwa hadi karibu na kenchi, na mvua ya Desemba huenda ikayakuta humo humo.

Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za mkoa huu huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka mzigo chama cha msingi, unasafirishwa hadi ghala kuu, naye hubaki na karatasi mkononi akisubiri mnada. Korosho ghafi inapaswa kukaa ikiwa kavu, unyevu wake usizidi sana asilimia 10. Ikilowa huota ukungu, ikateremka kutoka daraja la kwanza hadi la pili. Tundu la skrubu moja, mita kumi juu ya sakafu, linatosha kumpunguzia bei mtu aliye Tandahimba ambaye hata hajui ghala lenyewe liko mtaa gani.

Bati la migongo, kwa kweli, lilizaliwa kwa ajili ya mizigo. Henry Robinson Palmer, aliyelipatia hataza mwaka 1829, alikuwa mhandisi wa gati za London. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa, na kutu ikapata mpinzani. Zinki hiyo huliwa kwanza ili chuma kisiliwe. Lakini ni tabaka jembamba kuliko unywele, na pwani kuna chumvi.

Ukaguzi wenyewe hauanzii juu. Unaanzia ndani, saa sita mchana, milango yote ikiwa imefungwa. Jua likipenya kwenye tundu huacha kiduara cha mwanga sakafuni, na fundi hukizungushia chaki kabla hakijahama. Akimaliza hapo humgeukia mtunza ghala na maswali yanayoonekana ya kipuuzi. Maji yalidondoka lini? Usiku mvua ilinyesha, au haikunyesha? Yalidondoka sehemu moja, au ghala zima? Kama ni alfajiri, hakuna mvua, na matone yametapakaa kila mahali, paa halivuji. Ni jasho: korosho zimetoa unyevu mchana, bati limepoa usiku, mvuke umegeuka maji. Dawa yake ni matundu ya hewa, na fundi mwaminifu husema hivyo hata kama anauza silikoni.

Juu, hatua zenyewe ni elimu. Bati la geji 30 lina unene wa takriban milimita 0.3, kwa hiyo anayejua hukanyaga kwenye mstari wa skrubu, maana chini yake kuna papi. Yale mabati ya plastiki ya kuingizia mwanga hayakanyagwi kabisa. Yakishafunikwa na vumbi hufanana na mengine, na wengi walioanguka kutoka kwenye mapaa ya maghala walipitia hapo. Mkanda wa usalama hufungwa kwanza, hadithi baadaye.

Kisha anachuchumaa mbele ya skrubu. Chini ya kichwa chake kuna washa ya mpira, na humo ndimo mapaa mengi huanza kufa, bati likiwa bado zima. Akiibonyeza kwa ukucha na ikarudi, inaachwa. Ikiwa ngumu na ina nyufa, jua limeshaimaliza. Ikiwa imetokeza pembeni na kupasuka, aliyeifunga alikuwa na haraka na drili yenye nguvu. Ikiwa imelala upande, skrubu iliingia kimshazari na maji yana mlango. Skrubu iliyolegea haikazwi tu, kwa sababu tundu lenyewe limepanuka. Bati la mita 30 likipata joto la nyuzi 40 zaidi ya lile la alfajiri hurefuka milimita 14 hivi, na mwendo huo hurudiwa kila siku ya jua kwa miaka. Hapo hutiwa skrubu nene zaidi yenye washa pana.

Wapo wanaomaliza yote haya kwa ndoo ya lami. Wanapaka kila kichwa cha skrubu, paa linabaki na madoadoa meusi, na mwaka unaofuata lami inapasuka na kuficha kutu iliyo chini yake. Huo si ufundi.

Ufundi ni kufuata maji kinyumenyume. Tone linaloangukia gunia huweza kuwa limeingilia kwenye kofia, likateleza chini ya bati, likapanda papi na kusafiri mita kadhaa kabla ya kuachia. Kwa hiyo mmoja hupanda na mpira wa maji, mwingine hubaki ndani. Wa juu huanzia chini kwenye gata na kupanda kipande kwa kipande, kila kipande akikipa muda. Akianzia kwenye kofia atalowesha paa zima asijue lipi ni lipi. Wa ndani yuko kimya hadi anapopaza sauti: "Hapo hapo! Funga!"

Pembe za paa hukaguliwa kwa jicho kali zaidi, kwani upepo hunyonya bati kwa nguvu kubwa pembezoni kuliko katikati. Kimbunga Kenneth kilipoipiga Cabo Delgado ng'ambo ya mpaka, Aprili 25, 2019, Mtwara nayo ilikuwa katika tahadhari. Chini ya ukingo hutazamwa pia. Huko mvua haifiki kuosha chumvi, na kutu huwahi kuliko juu panapolowa. Wageni hubishia jambo hili mpaka waoneshwe.

Madhara mengine huletwa na binadamu. Fundi wa kiyoyozi hupitisha bomba la shaba, na maji yanayodondoka humo hula zinki. Wa dishi hutoboa na kuacha chembe za chuma zinazoshika kutu kwa siku chache. Hata mstari wa penseli juu ya bati unaweza kuacha njia ya kutu, ndiyo maana mzoefu huchora kwa kalamu ya wino.

Jioni bosi hutoka ofisini na swali lake la kila mwaka.

"Fundi, umebadilisha bati ngapi?"

"Hata moja, mkuu."

Hapo ndipo mabishano ya malipo huanza. Fundi hufungua daftari: skrubu zilizobadilishwa, safu kwa safu, gata lililotolewa majani, mfupa na vipande vya waya vya kunguru, kipande cha kofia kilichopigwa riveti upya. Bosi husoma, hukuna kichwa, hulipa nusu, na nusu nyingine huahidiwa baada ya mnada wa kwanza.