Bustani Ukingoni mwa Mto, Kibera: Maji Kwanza, Miche Baadaye

Mtu ajaye na miche mkononi akidhani kuwa huo ndio mwanzo wa bustani ya kuwakaribisha ndege, vyura na vipepeo kandokando ya mto wa mjini, amekosa mpango, kwani mto wa mjini haukihurumii kitu kilichopandwa kabla maji yake hayajatiwa nidhamu. Hayo hudhihirika Kibera, ambako mitaro ya Kambi Muru, Mashimoni na Lindi, ikiwa imebeba mvua, maji ya kufulia na taka za majumbani, huteremka kuelekea kusini hadi mto Ngong, nao mto huo huyapeleka yote katika Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 na ambalo kwa miaka mingi limesongwa na magugumaji yanayoneemeka kwa uchafu huohuo.

Kazi istahiliyo kuchunguzwa ni ile iliyofanywa Soweto Mashariki, humohumo Kibera, na wakazi kwa ushirikiano na shirika la Kounkuey Design Initiative, lililoasisiwa mwaka 2006 na wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu cha Harvard. Palikuwa jaa ukingoni mwa mto. Taka zikaondolewa kwanza, ukingo ukashikwa kwa gabioni, yaani vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, ndipo yakafuata mambo mengine: uwanja wa watoto, banda la mikutano, na shughuli za kuwapatia riziki watunzaji wa mahali hapo. Madhumuni yalikuwa kuwafaa binadamu, wala si wanyama. Lakini utaratibu wake ndio hasa uliowafungulia mlango viumbe wengine.

Hikima ya gabioni ni kwamba, tofauti na ukuta wa saruji, hupitisha maji, hata ardhi ya nyuma iliyolowa wakati wa masika isiusukume ukuta ukaanguka. Sharti mawe yawe makubwa kuliko matundu ya waya, na nyuma yake itandazwe kokoto au kitambaa cha kuchujia, udongo usije ukachukuliwa na maji. Baada ya misimu kadhaa tope hunasa katika nyufa, nyasi huota, mijusi na vyura hupata maficho, na kile kilichojengwa kwa ajili ya kinga huwa pia makazi.

Hapo ndipo upandaji unapokuwa na maana, nao hufuata madaraja. Chini kabisa, maji yanapogusa ardhi, hufaa matete, ambayo hupunguza kasi ya mkondo, hunasa tope na kuwapa kwera mahali pa kufuma viota. Ila sharti yapunguzwe kila mara, yasije yakaziba njia ya maji. Kwenye mteremko hufaa nyasi za vetiva, ambazo mizizi yake huweza kushuka mita 3 ardhini. Juu, mbali na gabioni, upandwe mkuyu, ambao tini zake hulisha ndege wengi, lakini mizizi yake ina nguvu za kuvunja kilichojengwa karibu. Mkaratusi uachwe, kwa kuwa hunywa maji kupita kiasi.

Wala wingi wa ndege pekee usitughuri. Korongo, mwewe na kunguru hufuata jaa, na kuwepo kwao aghalabu ni ushahidi wa taka. Dalili ya siha ni chozi katika maua, na kereng'ende juu ya maji, kwani watoto wa kereng'ende huishi majini wakila viluwiluwi vya mbu, jambo lenye faida dhahiri kwa jirani anayeogopa kwamba bustani itamletea malaria.

Fauka ya hayo, bustani isiyomlisha mtunzaji wake haidumu. Kibera inayo maarifa yake ya mashamba ya magunia: kopo lisilo na kitako husimamishwa katikati ya gunia, likajazwa kokoto, udongo wenye samadi ukamwagwa pembeni, kopo likavutwa juu na kujazwa tena, hata ikasimama nguzo ya kokoto inayofikisha maji chini, kisha sukuma wiki hupandwa katika matundu ya ubavuni. Mboga hizo zinyweshwe maji ya mvua yaliyokingwa mapaani, kamwe si ya mto.

Pwani tunayo hoja hiyohiyo kwa sura nyingine. Huko Bamburi, kuanzia mwaka 1971, René Haller alipanda miti katika machimbo makavu ya kiwanda cha saruji, na katika aina 26 alizojaribu ni 3 tu zilizostahimili, mvinje ukiwa mmojawapo. Ndipo akaleta majongoo wakayasaga majani makavu ya mvinje kuwa udongo wenye rutuba. Udongo ulitangulia, wanyama wengine wakafuata.

Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa hifadhi kandokando ya mto kuwa baina ya mita 6 na 30, na mafuriko ya mwaka 2024 yaliwakumbusha wakazi wa Nairobi, kwa machungu makubwa, sababu yake. Ukanda huo ukiachwa mtupu utarudi kuwa jaa. Ukipandwa kwa utaratibu, utamlinda mtu na ndege pamoja. Basi yeyote mwenye nia ya kuanzisha bustani bondeni, na aanze kwa kufagia mtaro wa Kambi Muru, kwa maana taka inayozuiwa juu haihitaji kuopolewa chini.