Maharage Yenye Sukari

Mjukuu wangu aliporudi kutoka masomoni Japani aliniletea kasha la vitafunio. "Babu, onja, kisha utoe alama," aliniambia. Mwalimu hastaafu kalamu nyekundu; nikaanza kusahihisha.

Kwanza senbei, biskuti ngumu ya mchele iliyookwa na kupakwa sosi ya soya, nyingine ikiviringishwa kwa mwani mkavu. Ladha yake ni ya ukoko wa wali. Meno yangu yalilalamika, ulimi ukaomba nyongeza. Nane juu ya kumi.

Zikafuata kaki no tane, yaani mbegu za kaki, ambazo si mbegu bali vipande vya mchele vyenye pilipili, vilivyopinda kama mwezi mwandamo, vikichanganywa na karanga. Hapo nilijiona nyumbani. Tisa.

Umaibo ni kijiti cha mahindi kilichofurishwa. Tangu 1979 kiliuzwa yeni 10, hadi 2022 kilipopanda kuwa yeni 12. Uvumilivu huo wa bei naustahi. Ladha yenyewe ni chumvi na hewa. Tano. Na lawama moja kwa karibu vyote: kila kipande na mfuko wake wa plastiki. Tukimaliza kula, taka zilizidi chakula.

Mwisho ni yokan, kipande cheusi cha maharage ya azuki, sukari na utomvu wa mwani. Maharage matamu! Nilikitema kwenye leso, nikasema maharage ni ya chumvi. Mjukuu wangu akafunga kilichobaki, akasema taratibu, "Babu, mimi mwezi wa kwanza kule nilikula kila siku nisichokijua. Sikutema."

Usiku ule sikulala vizuri. Miaka yote niliwafundisha walimu wanafunzi wasimpe mtoto sifuri kabla ya kuelewa alichokiandika. Tena sisi wenyewe hufuturu kwa tambi za sukari; Mjapani, aliyezoea tambi za mchuzi wa chumvi, angezionaje?

Asubuhi nilimwomba anikatie kipande kingine, chembamba. Alisema kwao huliwa kwa chai ya kijani, isiyotiwa sukari. Hatukuwa nayo, nikachemsha kahawa chungu. Ndipo nilipoelewa: hii ni halua ya wenzetu, nami jana niliila bila kahawa.

Yokan nimeipa saba. Msahihishaji wa jana amepata mbili, na mjukuu wangu ameisaini karatasi.