Swali Lizuri la Kumpima Mtoto Akili

Mtoto wa Bukoto, mtaa wa Kampala, anaonyeshwa picha ya nyumba, aseme ina upungufu gani. Mlango upo, madirisha yapo. Kinachotakiwa ni bomba la moshi juu ya paa. Lakini kwao hupikwa kwa sigiri barazani, na mabati ya mtaa mzima hayana kitu kama hicho! Picha ya aina hiyo ilitumika katika jaribio la Army Beta, walilofanyiwa wanajeshi wa Marekani mwaka 1917, wakiwamo wahamiaji wasiojua Kiingereza. Mchaguzi wa maswali na aanzie hapo: mtoto lazima awe ameona nini kabla hajaanza kufikiri?

Kulivika swali nguo za nyumbani hakutoshi. "Umenunua nyanya za shilingi 3,000, umetoa noti ya 5,000, utarudishiwa ngapi?" Linanukia soko la Bukoto, kweli, ila binti anayeuza na mama yake hulijibu kwa mazoea. Hilo ni swali la hesabu.

Swali bora kabisa limo katika K-ABC, kipimo cha Kaufman ambacho watafiti wamekitumia Kampala kwa watoto waliopona malaria ya ubongo. Mpimaji hugonga meza kwa ngumi, kisha kiganja, kisha ubavu wa mkono. Mtoto hurudia kwa mpangilio uleule, na mlolongo unazidi kurefuka. Halihitaji Kiingereza wala vitu vya kizungu. Uzuri wake zaidi ni kwamba hata kosa husomeka: aliyeanza sawa akapotelea mwishoni ana tatizo tofauti na la aliyekumbuka mapigo yote akayachanganya.

Saa ya kumpimia mtoto muda nayo ichunguzwe. Mwaka 1974 Mallory Wober alichapisha utafiti kuhusu Baganda: wanakijiji waliihusisha akili na utulivu na kutofanya haraka. Mtoto aliyelelewa hivyo, akiharakishwa na saa, hupoteza alama kwa adabu yake.

Kifaa pia. Robert Serpell, mwaka 1979, aliwapa watoto wa Zambia na Uingereza kazi ya kuiga maumbo. Wazambia walishinda kwa waya, Waingereza kwa penseli na karatasi. Kwa udongo walilingana.

Kwa hiyo swali lijaribiwe kabla ya kutumika. Wachukuliwe watoto wenye jumla sawa ya alama, wengine wa maghorofani, wengine wa vyumba vya kupanga. Kundi moja likilikosa swali moja kupita kiasi, swali hilo lichunguzwe upya, na lisipotengenezeka litolewe.