Rasi ya Msasani: Jua Linatoka Baharini, Linazama Baharini!

Jamani, kama hujawahi kuvuka Daraja la Tanzanite hapa Dar kwa miguu alfajiri, acha unachofanya unisikilize kwanza! Sisi watu wa Temeke daraja lile tumelizoea kwenye video za harusi: msafara unapita, honi zinapigwa, bwana na bibi wanachungulia dirishani, basi. Safari hii nimeshuka Posta kungali na kiza, nikashika Barabara ya Barack Obama (wenyewe bado wanaiita Ocean Road, na sioni dalili ya kuacha), nikaipita hospitali waliyoijenga Wajerumani mwaka 1897, mpaka nikafika maeneo ya Hospitali ya Aga Khan. Na hapo mbele, loh!

Kilomita 1.03, na sehemu kubwa chini yako ni maji! Lilifunguliwa mwaka 2022 ili kulipunguzia Daraja la Selander foleni, na ukiwa ndani ya gari linaisha kabla hujakaa vizuri. Kwa miguu ni habari nyingine kabisa. Kushoto mikoko ya mlango wa Msimbazi, kulia Bahari ya Hindi haina mwisho, meli zimetia nanga zikisubiri zamu ya kuingia bandarini, na upepo unakuvuta shati kama unakudai. Mara jua hilo! Linachomoza majini, jekundu, kubwa, na wakimbiaji wote wanasimama ghafla kutoa simu. Ila wahi. Kivuli huko juu hakuna, na ikifika saa tatu lami inaanza kukuchoma.

Ukishuka upande wa pili umeingia Kinondoni, na Coco Beach hii hapa. Bure! Mji wenye hoteli na kuta nyingi ufukweni, halafu unapata mchanga wa kwenda mwenyewe bila kuulizwa na mlinzi? Asubuhi ni mpira na mazoezi, vijana wanapiga danadana, akina mama wanatembea kwa kasi ya kumwacha bodaboda. Maji yakipwa, miamba inatoka na watoto wanachokoa kaa. Yakijaa, hasa siku za bamvua, mawimbi yana nguvu na wasioogelea wabaki na watoto wao mchangani. Hapo sitanii.

Sasa mihogo. Naomba nafasi ya kutosha hapa.

Nimeila mihogo Mbagala, Tandika, Buguruni, na yote naiheshimu. Lakini mhogo wa Coco! Unatoka kwenye karai la mafuta ukiwa wa rangi ya dhahabu, nje unavunjika kwa sauti, ndani laini na mvuke unatoka. Muuzaji anaupasua katikati, anaujaza kachumbari, kisha anakutazama usoni kukupima. "Anko, pilipili ya kitoto au ya kikubwa?" Nikasema ya kikubwa. Akaumwagia, na mishikaki juu yake, na juisi ya ukwaju pembeni ya kuzimia moto. Machozi yalinitoka, pua ikafunguka, nikaagiza tena! Nisikilize: ukienda Coco ukala chipsi, umeonewa na nafsi yako.

Watu wengi wanaishia hapo, wanasubiri jioni wapige picha ya machweo. Haipo! Coco inatazama mashariki. Jua linazama nyuma yako, juu ya mabati. Lakini Msasani ni rasi, na upande wa pili maji yapo tena. Chukua bajaji, katiza Oysterbay penye miti mikubwa na bendera za mabalozi, uende mpaka ghuba ya Msasani, mtaa ambao Mwalimu Nyerere mwenyewe aliishi. Slipway, palipokuwa karakana ya boti, ndipo zinapoondokea boti za Bongoyo, kisiwa kisichokaliwa na mtu, hifadhi ya bahari tangu 1975. Safari ya huko inataka siku yake peke yake, usiichanganye na hii.

Wewe kaa tu ukingoni saa kumi na mbili jioni. Ngalawa zinarudi, matanga yanageuka meusi, na jua lile lile uliloliona darajani linaingia majini mbele ya macho yako. Mji gani mwingine unakupa vyote viwili kwa nauli ya daladala?

Kurudi si kazi: bajaji mpaka kituo cha Morocco, basi la mwendokasi mpaka Gerezani, kisha gari la Temeke. Beba chenji ndogondogo, jaza chaji ya simu, na karatasi za mihogo zitupe pipani. Usiende Jumapili jioni kwa gari binafsi, utaiona Coco kwa mbali ukiwa kwenye foleni. Nenda Jumamosi, anza na kiza. Matembezi mazuri kuliko haya ndani ya Dar mimi sijayaona, na anayeyajua ajitokeze tubishane, mihogo nitanunua mimi!