Msusi Anayefuata Mvua

Masika yakishakolea Mbezi Luis, minazi iliyobaki kati ya nyumba huanza kuchanwa. Mnana dume hung'ata ukingo wa jani, akaruka nalo, na chane ndefu ikamfuata. Husuka kwanza pete kwenye kitawi, akasimama ndani yake, na hapo hapo aliposimama huendelea na chumba na mlango. Jike huja kukagua. Akikataa, na majani yakaanza kukauka, dume hufumua kazi yote na kuanza upya, kwa sababu chane kavu haikunjiki. Madume wachanga husuka ovyo ovyo. Mkono, au tuseme mdomo, hukaa sawa kwa mazoezi.

Lakini kazi ngumu ya ususi huu ni kujua lini na wapi pa kuuanzia, na hapo bingwa ni wa bara. Panda basi stendi ya Magufuli hadi Dodoma, na wakulima wa mtama na uwele watakusimulia habari za bingwa huyo, kwelea kwelea, kwa hasira wanayostahili kuwa nayo.

Kiangazi kizima ndege huyu huokota mbegu za nyasi zilizodondoka. Mvua ya kwanza humletea njaa: mbegu zile huota kwa pamoja, na ghala likaisha ndani ya siku chache. Basi hula hadi anenepe, kisha huruka mamia ya kilomita, akiuvuka ukanda wa mvua, hadi kule ilikotangulia kunyesha wiki kadhaa nyuma. Mtafiti Peter Ward aliieleza safari hiyo mwaka 1971. Huko nyasi ni mbichi za kusukia, mbegu mpya zinajaa, na viwavi wa kulishia makinda wapo. Kundi zima huanza pamoja kwenye miti ya miiba. Dume humaliza kiota kwa siku mbili tatu, na mayai, mara nyingi matatu, huatamiwa siku kama kumi.

Si yeye peke yake anayezaa kwa kufuata chakula: Ulaya ya kaskazini yupo ndege mwenye mdomo uliopishana ncha, mla mbegu za misonobari. Misonobari ikizaa sana, hutaga hata theluji ikiwa juu ya matawi; isipozaa, huhama. Wa kwetu ana haraka zaidi, maana nyasi hazingoji. Makinda wakishajitegemea, wazazi wanaweza kusonga mbele, kule mvua ilikochelewa, wakazaa tena msimu ule ule.