Mnyauko: Maana na Mipaka ya Istilahi katika Migomba ya Karagwe na Kyerwa

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, mgomba ni chakula cha kila siku na chanzo cha pato la kaya. Kwa hiyo, istilahi inayotaja ugonjwa wake haiwahusu wanaleksikografia pekee. Uhakiki huu unadai kwamba istilahi mnyauko inakidhi haja ya fiziolojia ya mimea, lakini inapwaya inaposimama peke yake katika taaluma ya magonjwa ya mimea.

Kimofolojia, mnyauko ni nomino ya ngeli ya U-I iliyoundwa kutokana na kitenzi nyauka kwa kuambikwa m- na -o. Kitenzi hicho hueleza mmea kulegea na kusinyaa, hakitaji kisababishi. Ukimya huo hauna madhara katika fiziolojia, ambako mnyauko ni hali ya seli kupoteza msukumo wa maji. Vivyo hivyo katika sayansi ya udongo: kiwango cha mnyauko wa kudumu ni unyevu ambao, udongo ukiufikia, mmea uliolegea haunyanyuki tena mpaka uongezewe maji. Katika nyanja zote mbili, dalili ndiyo dhana yenyewe.

Katika taaluma ya magonjwa, dalili ni moja ilhali dhana ni mbili. Mnyauko wa kwanza husababishwa na kuvu aina ya Fusarium, ambaye huingilia mizizini na kudumu udongoni kwa miaka mingi. Hushambulia baadhi ya aina za kigeni, hasa za pombe, lakini ndizi za kupika za nyanda za juu za Afrika Mashariki humstahimili. Wa pili husababishwa na bakteria aina ya Xanthomonas, aliyeripotiwa kwenye migomba ya Uganda mwaka 2001 na kufika Kagera miaka michache baadaye. Huyu habagui aina. Huenezwa na wadudu wanaotua kwenye ua dume na kwa visu au panga zisizosafishwa. Matunda huiva kabla ya wakati na shina likikatwa hutoa utomvu wa njano.

Huenda ikadaiwa kwamba muktadha hutofautisha dhana hizo. Dai hilo lina mashiko maabarani, si shambani, kwa kuwa majani ya migomba ya magonjwa yote mawili hugeuka njano na kunyauka. Mkulima aliyezoea mnyauko wa kuvu akisikia onyo kuhusu “mnyauko” tu, anaweza kuamini kwamba ndizi zake za kupika zi salama, akaendelea kupogolea shamba zima kwa panga lile lile. Hapo utata wa kisemantiki huwa njia ya maambukizi.

Eugen Wüster alisisitiza kwamba istilahi moja iwakilishe dhana moja. Kwa kigezo hicho, mnyauko bakteria na mnyauko fuzari ni istilahi bora: neno la kwanza hutaja dalili, la pili kisababishi. Udhaifu wake ni urefu, kwa kuwa wazungumzaji hudondosha neno la pili, ambalo ndilo lenye taarifa inayohitajika. Kwa hiyo, vipeperushi vya ugani havina budi kulitaja kila mara, na mnyauko pekee ubakie jina la dalili.